Kinacholipwa baada ya miezi sita: fidia ya VA kwa aliyevuja damu kwenye ubongo

Kwenye jedwali la ulemavu la Idara ya Maveterani ya Marekani, ambayo kila mtu huiita VA, damu kuvuja kwenye ubongo ina namba yake: 8009. Jirani zake ni 8007, ya donge lililosafiri kutoka kwingine likaziba mshipa wa ubongo, na 8008, ya donge lililojijenga humo humo. Namba zote tatu zinatawaliwa na kanuni moja fupi: asilimia 100 kwa miezi sita, kisha athari zilizobaki, zisizopungua asilimia 10.

Ukiisoma haraka unaona ukarimu. Ukiisoma mara ya pili unaona mtego. VA inalipia damu kwa nusu mwaka tu. Baada ya hapo inalipia mkono usiofunga vifungo, mguu unaoburuta, jicho lisiloona upande mmoja, maneno yanayopotea mdomoni, na hayo hayaingii yenyewe kwenye faili. Kila moja litajwe, lipimwe, lipewe namba yake. Tumeona mafaili mengi ya watu waliobaki na asilimia 10 huku wakihitaji kuvalishwa viatu, na karibu kila mara kosa lilikuwa hapo: walidai "kiharusi", neno moja, wakanyamaza.

Tunawaandikia Waswahili waliovaa magwanda ya Marekani, ambao si wachache, maana Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha ya lugha za MAVNI, ule mpango ulioanza kuandikisha wageni mwaka 2009. Tunawaandikia zaidi wake, waume na watoto wao. Aliyevuja damu kwenye ubongo mara nyingi si yeye anayejaza fomu.

Tarehe kwanza, mengine baadaye. Kabla hujatafuta rekodi hata moja ya hospitali, tuma fomu 21-0966, ya kutangaza nia ya kudai. Inashikilia tarehe yako kwa mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo unaleta dai lenyewe kwa fomu 21-526EZ. Kwa nini haraka? Kwa sababu ile miezi sita ya asilimia 100 huhesabiwa tangu damu ilipovuja, ilhali malipo hayarudi nyuma ya tarehe ya dai. Damu ikivuja tarehe 10 Januari na nia ikatangazwa tarehe 20 Januari, karibu miezi yote sita inalipwa. Familia ikisubiri mgonjwa apate nafuu ikadai Septemba, dirisha limeshafungwa tangu Julai. VA itakubali kwamba ugonjwa ni wa jeshini, lakini itaanza moja kwa moja na athari zilizobaki. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Desemba 2024, asilimia 100 kwa mtu asiye na mke wala mtoto ilikuwa dola 3,831.30 kwa mwezi, na asilimia 10 ilikuwa dola 175.51. Piga hesabu ya miezi sita mwenyewe. Aliyedai ndani ya mwaka mmoja tangu atoke jeshini ana unafuu: malipo yake yanaweza kurudi hadi siku iliyofuata kuachishwa kwake, au siku damu ilipovuja kama ni baadaye.

Mgonjwa hawezi kusaini? Usimsainie kimyakimya, hata kama ni mumeo wa miaka thelathini. Kuna fomu 21-0972, inayomruhusu mke, mume au anayemtunza mgonjwa kusaini kwa niaba yake. Saini isiyofanana na ile ya zamani, bila fomu hiyo, inaweza kulirudisha dai zima mlikoanzia.

Kisha swali la pili: damu hii inahusianaje na jeshi? Milango ni mingi kuliko watu wanavyodhani. Kuvuja damu kwenye ubongo kumo kwenye orodha ya magonjwa sugu ambayo sheria yenyewe huyachukulia kuwa ya jeshini yakijitokeza ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha utumishi, iwapo mtu alitumikia mfululizo siku 90 au zaidi. Sharti ni ugonjwa ufikie angalau asilimia 10 ndani ya mwaka huo, na kwa kuwa 8009 inaanzia 100, sharti linatimia lenyewe. Walioshikwa mateka vitani wana orodha yao, na kiharusi kimo humo bila kikomo cha miaka.

Mlango unaosahaulika ni ule wa kupitia ugonjwa mwingine. Presha ndiyo njia ya kawaida. Tangu sheria ya PACT ilipotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, presha imeingizwa kwenye magonjwa yanayodhaniwa kutokana na dawa ya kuua majani ya Agent Orange, hivyo mzee aliyetumikia Vietnam hana haja ya kuthibitisha ilikotoka. Na zingatia hapa: presha iliyokubaliwa kwa asilimia sifuri, isiyolipwa hata senti, bado ni ugonjwa wa jeshini. Mshipa ukipasuka kwa sababu ya presha hiyo, kuvuja damu huko nako kunahesabiwa kuwa kwa jeshini, kupitia presha. Vivyo hivyo dawa za kuyeyusha damu kama warfarin, zikitolewa kwa ugonjwa wa moyo au donge la mguuni ambalo VA imeshalikubali. Vivyo hivyo goti bovu la jeshini: goti linateguka kwenye ngazi, mtu anagonga kichwa, hasikii kitu, wiki kadhaa baadaye anaanza kuchanganyikiwa, na kipimo cha CT kinaonyesha damu iliyovia chini ya utando wa ubongo. Kinachohitajika ni daktari anayeandika kwamba uwezekano wa uhusiano huo ni nusu kwa nusu au zaidi. Nusu inatosha. Daktari akiandika "huenda" au "inawezekana", barua hiyo haina uzito. Akiandika nusu kwa nusu bila kueleza sababu, haina uzito pia. Aandike presha ilikuwa ngapi, kwa miaka mingapi, damu ilivujia sehemu gani ya ubongo, na kwa nini sehemu hiyo inalaumu presha.

Hujibiwa mara nyingine kwamba mshipa ulikuwa umevimba kama puto tangu kuzaliwa. Jibu hilo si mwisho wa safari. Kama karatasi ya uchunguzi wa kuingia jeshini haikutaja kitu, mtu huchukuliwa kuwa aliingia mzima, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo, kwa ushahidi usio na shaka, uko kwa VA.

Sasa yaliyobaki, na hapa ndipo pesa ilipo.

Mkono na mguu hupimwa kwa namba za mishipa ya fahamu. Mguu mara nyingi huwekwa chini ya 8520: udhaifu mdogo asilimia 10, wa kati 20, wa kati unaoelekea ukali 40, mkali wenye misuli iliyokonda waziwazi 60, kupooza kabisa 80. Mkono mzima ukiguswa, 8513: mdogo 20, wa kati 40 kwa mkono wa kazi na 30 kwa mwingine, mkali 70 au 60, kupooza kabisa 90 au 80. Kwa hiyo hakikisha imeandikwa mtu alikuwa akitumia mkono gani kabla damu haijavuja. Mchunguzi akimwona anashika kalamu kwa kushoto leo, ataandika "kushoto", na pengine amejifunza kushoto mwezi uliopita kwa sababu kulia kumekufa.

Maneno "mdogo", "wa kati" na "mkali" hayana rula. Mchunguzi huyapima kwa nguvu ya kusukuma na kuvuta, kutoka 0 hadi 5, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, mgonjwa akiwa ameamka vizuri. Nguvu ya 4 kati ya 5 inaonekana karibu na uzima. Haionyeshi kwamba mguu huo baada ya mita mia mbili unaanza kuchora mstari kwenye vumbi. Tunawaambia watu wapeleke kiatu. Kiatu cha mtu anayeburuta mguu huisha mbele, kwenye ncha ya kidole gumba, ilhali mwenzake kimeisha kisiginoni kama viatu vyote vya dunia. Kipige picha, viwili pamoja, chini juu, uandike tarehe kilipovaliwa mara ya kwanza, na uiweke kwenye faili pamoja na maelezo ya mke au jirani kwenye fomu 21-10210. Maelezo hayo yawe na vipimo, si huruma. "Anateseka sana" haimsaidii anayeamua. "Shati lenye vifungo saba humchukua dakika kumi na mbili, na kifungo cha mkono wa kulia namfungia mimi kila siku" inamsaidia.

Kichwa kinachouma kina namba yake, 8100, ya kipandauso. Kinachopimwa hapo ni mara ngapi kinakulaza, wala si ukali wa maumivu: wastani wa mara moja kila miezi miwili ni asilimia 10, mara moja kwa mwezi ni 30, na mashambulizi ya mara kwa mara sana, marefu, yanayoharibu kazi ni 50. Andika daftari la siku: saa kilipoanza, saa ulipoamka, dawa uliyomeza, kazi uliyokosa. Mwezi mmoja haufiki mbali, miezi minne au mitano inaongea.

Kifafa kinachofuata baada ya kuvuja damu hudaiwa chini ya 8910 au 8911. Utambuzi uliothibitishwa wenye historia ya mashambulizi ni 10, shambulio kubwa moja ndani ya miaka miwili ni 20, moja ndani ya miezi sita ni 40, na hupanda hadi 100 kwa anayepata wastani wa moja kila mwezi kwa mwaka mzima. Kanuni inataka daktari awe amelishuhudia au kulithibitisha shambulio wakati fulani, lakini idadi yake inaweza kutoka kwa waliokaa naye. Mtoto mwenye simu akirekodi nusu dakika ya shambulio na dakika mbili za kuchanganyikiwa kunakofuata, daktari ana kitu cha kuthibitisha.

Upande wa macho, kupoteza nusu moja ileile ya uoni kwenye macho yote mawili ni asilimia 30, na hugunduliwa tu kwa kipimo cha upana wa kuona. Kusoma herufi ukutani hakuionyeshi kabisa, na tumeona watu wenye "20/20", yaani wanaozisoma herufi hizo vizuri kabisa, wanaogonga milango upande wa kushoto. Uso uliolegea ni 8207, kuanzia 10 hadi 30. Kilichobaki kwenye akili na hisia baada ya damu isiyotokana na kipigo hupimwa kwa kanuni ya magonjwa ya akili, ngazi za 0, 10, 30, 50, 70 na 100.

Na kichwa kilichofunguliwa? Watu wanakisahau kabisa. Kovu lenye maumivu ni 7804, asilimia 10 kwa moja au mawili. Mfupa wa fuvu uliopotea, tabaka la nje na la ndani, una namba 5296: eneo dogo kuliko sarafu ya senti 25 ni 10, kubwa kuliko ile ya senti 50 ni 50, katikati ni 30, na ubongo ukichomoza 80. Omba ripoti ya upasuaji yenyewe, usiridhike na muhtasari wa kuruhusiwa nyumbani. Ndani ya ripoti ndipo daktari anapoandika ukubwa wa tundu kwa sentimita na kama mfupa ulirudishwa.

Iwapo damu ilitokana na kipigo, mlipuko au ajali ya gari la kijeshi, VA hutumia zaidi 8045, ya majeraha ya ubongo, na hesabu yake ni ya ajabu kidogo. Kuna vipengele kumi: kumbukumbu na umakini, uamuzi, kuishi na watu, kujua mahali na wakati, na vinginevyo. Kila kimoja hupewa alama 0, 1, 2, 3 au "kamili". Havijumlishwi. Kinachochukuliwa ni kimoja tu, kilicho juu kuliko vyote: alama 1 ni asilimia 10, alama 2 ni 40, alama 3 ni 70, kamili ni 100. Angalia kipengele cha kumbukumbu. Mtu akilalamika tu kwamba anasahau, bila kipimo kinachoonyesha, ni alama 1. Malalamiko yaleyale yakiwa na kipimo cha kitaalamu kinachoonyesha upungufu hata mdogo, ni alama 2. Kutoka 10 hadi 40 kwa karatasi moja. Kwa hiyo usiende kwenye uchunguzi wa VA kabla hujafanyiwa vipimo kamili vya kumbukumbu na mwanasaikolojia wa ubongo, vile vinavyochukua saa kadhaa, si yale maswali ya dakika kumi ya "leo ni siku gani". Na utambuzi wa kwanza wa jeraha la ubongo lazima ufanywe na daktari wa mishipa ya fahamu, mpasuaji wa ubongo, daktari wa akili au daktari wa tiba ya viungo. Ukiona jina la mwingine chini ya ripoti hiyo, una hoja ya kuipinga.

Dalili moja hailipwi mara mbili. Kusahau kukilipwa chini ya 8045 hakulipwi tena chini ya ugonjwa wa akili.

Jinsi zinavyojumlishwa: VA haiweki 50 juu ya 40 ikapata 90. Huanza na kubwa, kisha hukata kutoka kwa uzima uliobaki. Chukua mtu wa mkono wa kulia aliyevuja damu upande wa kulia wa ubongo: akili 50, mguu wa kushoto 40, mkono wa kushoto 30, maumivu ya kichwa 30. Hamsini inabakiza 50. Asilimia 40 ya hiyo ni 20, jumla 70. Asilimia 30 ya 30 zilizobaki ni 9, jumla 79. Asilimia 30 ya 21 ni 6, jumla 85, inayokwezwa kuwa 90. Angeacha kudai maumivu ya kichwa angekuwa na 79, yaani 80. Kovu la asilimia 10 linamfikisha 87, bado ni 90, halimwongezei kitu leo, ila lidai hata hivyo, maana kufika 100 kunahitaji 95 na hujui kitakachoongezeka. Wengi huuliza hapa kuhusu nyongeza ya pande mbili. Haimhusu huyu: inataka mikono yote miwili au miguu yote miwili, na wake ni mkono na mguu wa upande mmoja.

Asiyeweza kufanya kazi anaweza kulipwa kama wa 100 kwa fomu 21-8940. Kwa kawaida inatakiwa ugonjwa mmoja wa 60, au jumla ya 70 wenye mmoja wa 40. Kwa aliyevuja damu kuna jambo zuri: athari zote zinazotokana na chanzo kimoja huhesabiwa kuwa ugonjwa mmoja. Mguu wa 40 na mkono wa 30 zinafanya 58, yaani 60, na mlango umefunguka. Anayehitaji kuogeshwa na kulishwa adai pia msaada wa kutunzwa kwa fomu 21-2680, ijazwe na daktari anayemjua.

Siku ya uchunguzi, asiende peke yake, na asijikaze. Wanaume wetu hasa wana kasumba hii: akiulizwa hali anajibu "nzuri tu, namshukuru Mungu", na mchunguzi anaandika "mgonjwa hana malalamiko". Salamu si jibu la kitabibu. Kukosa kufika bila sababu ni kubaya zaidi: dai la kuongezewa hukataliwa, na dai la kwanza huamuliwa kwa karatasi zilizopo.

Aliyerudi Mombasa au Arusha hapotezi fidia. Hulipwa popote, mafaili ya walio nje hushughulikiwa zaidi na ofisi ya Pittsburgh, na mpango wa matibabu ya nje hurudisha gharama za ugonjwa uliokubaliwa. Rekodi za hospitali za Kiswahili zitafsiriwe, na tafsiri ibebe saini ya mtafsiri.

Ukikataliwa una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, na njia tatu: 20-0995 ukiwa na ushahidi mpya, 20-0996 ukitaka mtu wa ngazi ya juu aangalie karatasi zilezile, 10182 kwenda kwenye bodi ya rufaa. Kwa athari zilizosahauliwa, ya kwanza ndiyo yenye faida, maana tatizo huwa ni karatasi isiyokuwapo. Mashirika ya maveterani husaidia bure. Anayekutoza hela kuandaa dai la kwanza, kabla ya uamuzi wowote, anakiuka sheria, hata kama anaongea Kiswahili kizuri na anatoka kwenu.

VA ikipendekeza kumwekea mgonjwa msimamizi wa pesa kwa kuwa akili haiko sawa, barua hiyo inatoa siku 60. Jibu, na mtaje mnayemtaka, la sivyo watamchagua wao.

Na akifariki dai likiwa bado mezani, halifi naye. Mjane au mtoto anaweza kushika nafasi yake kwa fomu 21P-0847 ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, na kama ni damu hiyo iliyomuua, adai pia fidia ya wafiwa kwa 21P-534EZ. Kagueni cheti cha kifo kabla hamjaondoka kaunta. Kikisema "moyo ulisimama" peke yake, mwombeni daktari aongeze kilichousimamisha.